Adagio "ya Albinoni": jina libaki au libadilishwe?

Wadau wa muziki, kuna jambo linanikera muda mrefu, nalileta tulijadili. Ule muziki wa huzuni unaopigwa misibani na kwenye filamu, besi ikishuka taratibu, kinanda cha kanisani kikilia chini ya fidla, karibu kila mahali unaandikwa "Adagio ya Albinoni" (adagio ni muziki wa mwendo wa polepole). Mimi nasema jina hilo si haki.

Tomaso Albinoni, mpiga fidla na mtunzi wa Venice, alifariki mwaka 1751. Adagio ilichapishwa 1958, na aliyeiandika ni Remo Giazotto, msomi wa Kiitalia aliyekuwa ametunga kitabu kuhusu maisha ya Albinoni. Alieleza kwamba aliijenga juu ya masalia ya nota kutoka maktaba ya Dresden, mji wa Ujerumani uliolipuliwa kwa mabomu 1945: besi, na vipande viwili vifupi vya fidla. Masalia hayo hakuyaonyesha hadharani mpaka anafariki 1998. Hata haki za mtunzi zinalindwa kwa jina lake Giazotto. Haki za Albinoni zingetoka wapi, baada ya karne mbili?

Najua mtaniambia jina limeshazoeleka. Mtanikumbusha vita vya Bosnia, mjini Sarajevo mwaka 1992, mwanamuziki Vedran Smailović alipokaa na selo yake (fidla kubwa ya sauti nzito) barabarani akaipiga Adagio hii kuwaombolezea watu waliouawa kwa kombora wakiwa kwenye foleni ya mkate. Nani pale angeuliza mtunzi ni nani? Hoja hiyo naiheshimu, na muziki wenyewe naupenda mno.

Lakini anayeumia ni Albinoni. Huyu ni mtu ambaye Bach mwenyewe, yule mtunzi mkubwa wa Ujerumani, alichukua mawazo yake akayatungia fyuga, yaani muziki ambao sauti zinafuatana zikirudia wazo moja. Konseto zake za mwaka 1722 (tungo za ala inayoongoza pamoja na okestra), hasa zile za obo, ala ya kupuliza, zina uchangamfu na mwanga wa asubuhi. Mara ya kwanza kuzisikiliza nilisimamisha diski nikasoma jalada upya, nikidhani nimepewa ya mtu mwingine. Nilikuwa nimekuja kutafuta machozi.

Pendekezo langu: kwenye ratiba za ibada, redioni na kwenye nota, tuandike "Giazotto: Adagio kwa mtindo wa Albinoni". Ni maneno machache tu. Mnaotaka jina la zamani libaki, nijibuni hili: anayemtafuta Albinoni kwa mara ya kwanza, mtamwelekeza wapi?