Kasi ya pipa na uzito wa mkupuo: kipimo cha joto kinanichanganya

MkaangaBuni
Wadau, mashine yangu ya kukaanga buni ni ya pipa, inabeba kilo 1, inatumia gesi. Kihisi joto ni cha milimita 3, kimepita kwenye bamba la mbele. Nikikaanga mkupuo wa gramu 900 kwa mizunguko 55 kwa dakika, mlio wa kwanza (buni inapoanza kupasuka kwa sauti) unaanza kipimo kikisoma 196°C. Gramu 400 za buni ile ile, mlio unaanza kwenye 204. Tena nikipandisha kasi hadi 70 katikati ya mkaango, namba inaruka nyuzi 4 ndani ya sekunde 10. Nifuate namba ipi?

Rundo
Buni haiwezi kupanda nyuzi 4 kwa sekunde 10. Ukikaribia mlio wa kwanza hupanda nyuzi 6 hadi 10 kwa dakika nzima. Kilichobadilika ni mahali ncha ya kihisi ilipo: ilikuwa imefukiwa kwenye buni, sasa rundo limetawanyika na hewa inaipiga, na hewa ya ndani ya pipa ni ya moto kuliko buni. Kihisi hakijui buni wala hewa, kinasoma joto la ncha yake tu.

Gramu 400 ni kisa kilekile. Rundo ni fupi, ncha iko nusu uchi.

Pipa lina kipenyo gani?

MkaangaBuni
Sentimita 20. Kihisi kiko juu kidogo ya usawa wa katikati, kimeingia milimita 15.

Rundo
Basi hapo ndipo penye kasoro. Ukitazama kwa mbele, pipa likizunguka kama mishale ya saa, buni hurundikana chini kushoto. Toboa hapo, ncha iingie angalau milimita 30 (mara 10 ya unene wake), la sivyo joto la bamba linapita kwenye shina la kihisi na kuharibu kipimo. Hakikisha mapezi ya pipa (vibao vya ndani vinavyokoroga buni) hayaigusi.

Kuhusu kasi: gawanya 42.3 kwa kipeuo cha pili cha kipenyo kwa mita. Kwa pipa lako inatoka kama mizunguko 95 kwa dakika, kasi ambayo buni ingeng'ang'ania ukutani. Mizunguko 70 tayari inairusha juu sana. Kwa mkupuo mdogo jaribu 50, ila ukishuka mno buni italala kwenye chuma na kutoka na madoa meusi upande mmoja.

Gramu kwa Gramu
Nyongeza: usiseme "natoa nyuzi 8 kwenye kila mkupuo mdogo". Pengo hilo halikai sawa. Buni huvimba kadiri inavyokaangika, rundo linakua na kuifunika ncha zaidi, kwa hiyo mwanzoni pengo ni kubwa kuliko mwishoni. Nyuzi 8 zako ni za mlio wa kwanza tu.

Kaanga gramu 900, 650 na 400 kwa kasi moja isiyoguswa, uandike kipimo buni inapogeuka njano na mlio unapoanza. Kila uzito uwe na jedwali lake. Kisha pima uzito kabla na baada: mikupuo miwili ya buni ile ile ikipoteza asilimia 15 kwa muda unaolingana, imeiva karibu sawa, hata kama skrini zinapishana. Ukihamisha kihisi, jedwali la zamani ni la kutupa.