Blaki metali ya Uswidi: nani mwingine anaielewa huku Nyanda za Juu Kusini?

Mkinga_wa_Makete:
Wakuu habari za jioni. Mimi niko Makete, na huku mwezi wa saba mnaujua, unaamka majani yameganda meupe na ukungu hauachii mpaka saa nne. Mwaka jana jamaa yangu aliyeko Iringa alinirushia mafaili ya bendi za Uswidi za blaki metali, ile roki nzito ya magitaa ya kasi na kupiga mayowe, Bathory, Dissection, Arckanum, nikafungua moja nikajua spika ya simu imekufa maana ni kelele tupu na mtu anakaukwa sauti. Nikaacha. Sasa siku moja natembea kwenda shambani kuchimba viazi, ukungu mzito hata mtu wa mbele yako humuoni, nikaweka iafoni nikarudia ile ile, yaani ghafla ikawa kama imetungwa kwa ajili ya ile njia. Tangu hapo siachi. Swali langu, ni kitu gani kinatushika kwenye muziki huu? Na kwa nini wengi wao hata hawataki kujulikana?

Gitaa_Soweto_Mbeya:
Mkuu umenigusa. Mimi napiga gitaa la solo kanisani na hizi nyimbo nimezikalia usiku nikizitafuta kwa sikio. Siri iko hivi, mkono wa kulia unakwatua waya mmoja juu chini bila kupumzika mpaka noti zinaungana kama maji ya bomba, na ngoma nayo inakimbia mfululizo, lakini sikiliza kodi zenyewe, yaani zile noti zinazopigwa kwa pamoja, zinabadilika taratibu mno, unaweza kuhesabu mpaka nane ndo inahama. Kwa hiyo juu kuna dhoruba na chini kumetulia, ndo maana unaweza kutembea nayo shambani usichoke. Na Waswidi wanajua melodi jamani. Ile albamu ya Dissection ya 1995, Storm of the Light's Bane, magitaa mawili yanaimbiana kabisa kama sauti ya kwanza na ya pili kwenye kwaya. Sacramentum, bendi nyingine ya huko huko, waliotoa yao 1996 nao hivyo hivyo, na zote mbili zilirekodiwa na mtu mmoja, Dan Swanö, kwenye studio yake ya Unisound. Mimi nilipoishika ile melodi kwa gitaa langu bila zile kelele, polepole, mwenzangu wa besi aliniuliza ni wimbo wa kitabu gani.

Mzee_Njombe:
Vijana wangu, mimi sichukii muziki ila niliuliza mashairi yake yanasema nini nikaambiwa ni kumsifu shetani. Huku sisi injili tumeletewa na wamisionari wakiwemo Waswidi hao hao, leo wajukuu zao wanatuletea hiki? Na nasikia waliwahi hata kuchoma makanisa.

Mkinga_wa_Makete:
Shikamoo mzee. Nakubali ni kweli, lile kanisa la mbao la Fantoft lilichomwa 1992, ila hiyo ni Norwei. Na wapo Waswidi wanaomaanisha kila neno la ushetani, siwatetei, mimi mwenyewe ni Mlutheri na siimbi maneno hayo. Lakini si wote mzee. Arckanum alikuwa mtu mmoja tu kutoka pande za Mora huko Uswidi, aliimba kwa Kiswidi cha kale habari za misitu na viumbe wa zamani. Na Bathory baadaye waliacha kabisa mambo ya shetani, Hammerheart ya 1990 ni habari za mababu zao, mashua na bahari. Hiyo naomba uisikilize mzee wangu, kuna sehemu wanaimba kwa pamoja kama kwaya ya wanaume.

ChaiMufindi:
Marahaba kwa niaba ya mzee 🙏 Mimi nijibu la kutotaka kujulikana maana hapo ndo moyo wangu ulipo. Huku kwetu ukisema msanii wa andagraundi unamaanisha hajatoka bado, anatafuta koneksheni, akipata hela anahamia Dar. Kule Uswidi andagraundi ni mahali pa kukaa. Mtu anarekodi demo, yaani nyimbo za majaribio, kwenye kaseti, kopi chache tu, anazituma kwa posta kwa watu wanaobadilishana, basi, ameridhika. Quorthon, mwanzilishi wa Bathory, alikuwa na miaka 18 albamu ya kwanza ilipotoka 1984, ilirekodiwa kwenye gereji Stockholm iliyogeuzwa studio, na ule mkwaruzo uliotokana na kukosa vifaa ndo wenzake wakaja kuutafuta makusudi, hata wenye hela za studio nzuri. Sauti ikisafishwa sana baridi inatoka. Mimi nina kaseti ya kwaya ya kijijini kwetu, marehemu bibi yumo anaimba, ilirekodiwa kwa redio moja kanisani, unasikia mvua kwenye bati na mtoto analia, na ukinipa ile ile imesafishwa sitaitaka.

Gitaa_Soweto_Mbeya:
Hiyo ya bibi imenikaa kooni aisee. Mkinga, ukishuka Mbeya nitafute nikuonyeshe ule mkono. Na acha kusikilizia spika ya simu, inakula magitaa yote inabaki ngoma.

Mzee_Njombe:
Hiyo ya mashua na bahari nirushieni niisikie.