Kilo zimepungua ila tumbo linakuja mbele, ni homoni? Naombeni ushauri

Kigoli2
Wakuu habari zenu. Naomba msinitukane, nimechanganyikiwa kweli.

Nina miaka 24, sijazaa. Mwaka jana fundi alinipima gauni, kiuno inchi 27, hipsi 39. Juzi nimerudi kwa fundi yuleyule. Akazungusha futi, akaangalia daftari lake, akazungusha tena, akaniuliza, "Hivi ni wewe kweli?" Kiuno 30, hipsi 38. Na kwenye mizani nimepungua kilo 3! Shepu imehama jamani. Siku zangu nazo zimeanza kuruka, chunusi zimejaa kidevuni, na kuna vinyweleo vitatu chini ya kidevu nang'oa kwa kibano kila Jumapili.

Kuna dada kaniambia ni homoni, ana vidonge vya kuziweka sawa na kurudisha hipsi. Nimeshamlipa nusu. Aliyewahi kuvitumia anipe uzoefu.

Kipara Ngoto
Nimekaa paleee mbele kabisa. Fundi huyo angenipima mimi angefunga cherehani.

Shangazi Mkali
Mwanangu, nyie watoto wa siku hizi mnashinda mmelala na simu kifuani halafu mnasingizia homoni. Mimi nilipojifungua wa tatu nilikuwa na kiuno cha nyigu. Wa nne ndiye aliyeniharibia, na baba yake hadi leo anasema nilikuwa hivihivi tangu zamani. Muongo yule. Amka asubuhi, fagia uwanja umeinama, utaniambia.

Nesi wa Usiku
Kigoli2, pole. Homoni ni nyingi, huwezi kumeza kidonge cha "homoni" bila kujua ipi imeyumba. Nijibu manne: umepima mimba? Unatumia uzazi wa mpango gani? Kuna dawa nyingine unameza? Unavuta sigara, shisha au chochote cha kutoa moshi?

Kigoli2
Mimba nimepima, hamna. Uzazi wa mpango ni vile vidonge vya kila siku, vya kawaida tu. Hayo mengine sidhani kama yanahusiana. Naomba turudi kwenye vidonge vya huyo dada.

Nesi wa Usiku
Nimeuliza manne, umejibu mawili.

Kipara Ngoto
Kimya cha dakika arobaini hicho, wakuu. Jibu limeshapatikana.

Kigoli2
Haya. Navuta. Nane kwa siku, siku mbaya kumi na mbili. Nilianza makusudi mwaka jana kwa sababu zinakata hamu ya kula, na zimenisaidia, si nimewaambia nimepungua? Kwa hiyo msinianzie mahubiri ya sigara. Sigara inapunguza mwili, haiongezi tumbo. Hilo kila mtu analijua.

Kabati la Vitabu
Kila mtu analijua kwa sababu kuna watu walilipwa ili kila mtu alijue. Mwaka 1928 watengenezaji wa sigara za Lucky Strike walikuwa wanawaambia wanawake wa Marekani washike sigara badala ya kitu kitamu. Mwaka uliofuata mtaalamu wa kutangaza bidhaa, Edward Bernays, akapanga wasichana wavute hadharani kwenye maandamano ya Pasaka New York, ionekane ni uhuru. Mwaka 1968 ikaja sigara ya wanawake, Virginia Slims, "slim" yaani mwembamba, wembamba umeandikwa kwenye jina lenyewe. Dada, wazo unalolitetea hapa lilitungwa kabla bibi yako hajavunja ungo.

Fundi Bomba
Mimi nilivuta miaka kumi na moja. Nilipoacha nikaongezeka kilo sita, suruali zote nikamwachia mdogo wangu. Nilikuwa natafuna kijiti mchana kutwa mpaka mke wangu akauliza kama ninaota meno upya. Ila sasa ngazi napanda bila kupumzika katikati. Sijui inakusaidiaje, nimeona tu niseme.

Nesi wa Usiku
Kigoli2, mizani yako haijakudanganya. Nikotini inagusa sehemu ya ubongo inayosimamia njaa na inafanya mwili uunguze nguvu zaidi kidogo. Ndiyo maana kilo zimeshuka. Fundi naye hajakosea, kwa sababu mizani haijui mafuta yamekaa wapi.

Kwa mwanamke, estrojeni, ile homoni ya kike, ndiyo inayopeleka mafuta kwenye hipsi na mapaja. Moshi wa sigara unalifanya ini livunje estrojeni kwa njia inayoacha mabaki dhaifu, yasiyo na kazi kubwa. Hili si jipya, lilichapishwa kwenye New England Journal of Medicine mwaka 1986. Ndiyo maana wavutaji hukoma hedhi mapema, kama mwaka mmoja hadi miwili kabla ya wenzao. Upande wa pili, homoni za kiume kwa wanawake wanaovuta huwa juu kidogo, na kotisoli, ile homoni ya msongo, nayo hupanda. Hizo zinapenda tumbo. Ukichukua wanawake wawili wa kilo zilezile, anayevuta mara nyingi ndiye mwenye kiuno kipana. Mafuta ya ndani ya tumbo ndiyo yanayoufanya mwili usiisikie insulini, na kisukari cha ukubwani kinaanzia huko.

Gawa mwenyewe kiuno kwa hipsi: 27 kwa 39 ni 0.69. 30 kwa 38 ni 0.79. WHO wanaanza kuhofia kwenye 0.85 kwa mwanamke. Hujafika, ila umeshaingia njia.

Vinyweleo na chunusi sitavitupia sigara moja kwa moja. Inaweza kuwa PCOS, ile ya ovari kuwa na vifuko vingi vidogo. Hiyo inatafutwa kwa damu na ultrasaundi, siyo kwa kumlipa dada nusu.

Kigoli2
Asante, lakini nikiacha si nitavimba kama Fundi Bomba? Bora nihamie vepu, zile sigara za umeme.

Nesi wa Usiku
Vepu nyingi zina nikotini ileile, njaa itaendelea kudanganywa na wewe utaendelea kuifukuzia. Na ndiyo, wengi wanaoacha huongezeka, wastani kilo 4 hadi 5 kwa mwaka wa kwanza, nyingi zikija miezi mitatu ya mwanzo. Ila kama mmoja kati ya sita hupungua. Fundi Bomba hakuwa na bahati.

Fundi Bomba
Asante kwa kunitaja.

Jicho la Tatu
Wakuu mnakunywa chai hapa na mnaomba sukari iongezwe. Kwanza, vidonge vya kila siku vya mseto, vyenye estrojeni na homoni nyingine pamoja, kwa kawaida vinapanga siku na kupunguza chunusi. Huyu anavimeza halafu siku zinaruka na chunusi zinajaa? Pili, nimepekua nyuzi zake za zamani. Akaunti hii mwezi wa pili ilikuwa inaomba dawa ya upara kwa wanaume! Huyu ndiye muuza vidonge. Subirini, sasa hivi atatokea mtu wa kuvisifia.

Kipara Ngoto
Ngoja kwanza! Ndiyo maana jina nalifahamu! Ule uzi tulichangia sana. Nilimshauri mafuta fulani.

Hipsi_Zimerudi
Mimi vilinisaidia ndani ya wiki mbili tu, jamani vipo, njooni inboksi.

Jicho la Tatu
😂😂😂 Akaunti imefunguliwa leo. Sina la kuongeza.

Shangazi Mkali
Nilijua tangu mwanzo. Kiuno cha mtu hakiongezeki inchi tatu huku anapungua kilo. Na mimi nilivyomhurumia.

Kigoli2
Huyo wa inboksi simjui! Akaunti ni ya kaka yangu, tunatumia simu moja. Aliye na upara ni yeye.

Na vidonge vya uzazi wa mpango nimevianza wiki sita tu zilizopita, siku zilishaharibika kabla. Sikupewa kliniki, rafiki yangu alinigawia pakiti zake akasema zinarudisha homoni. Tangu nimeanza kichwa kinaniuma upande mmoja. Kabla hakijaanza naona vimulimuli vya zigizaga machoni kama dakika ishirini, hata simu siwezi kusoma. Nilijua ni kutokula. Mkitaka muamini, msipotaka basi.

Nesi wa Usiku
Mngenipa nafasi. Awe dada, kaka au muuza dawa, kuna mtu anasoma hapa kimyakimya ana vimulimuli hivyohivyo na pakiti mkobani, kwa hiyo naandika.

Kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli ni marufuku kwa vidonge vya mseto, umri wowote. Sigara peke yake kwa miaka 24 ina nafasi ya kujadiliwa. Marufuku yake inakuja ukifika 35 na unavuta 15 au zaidi kwa siku. Ila vimulimuli, sigara na estrojeni ya vidonge vikikutana, hatari ya kiharusi inapanda. Leo usimeze. Kesho nenda kliniki ukiwa na pakiti mkononi, wakupimie presha, wakupe njia isiyo na estrojeni, kitanzi kwa mfano. Mpaka hapo tumia kondomu. Ukisikia upande mmoja wa mwili umekufa ganzi, ulimi mzito, kifua kinabana au mguu mmoja umevimba, usije kuandika hapa, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Jicho la Tatu
Chai au siyo chai, hiyo ya vimulimuli nimemtumia dada yangu.

Kigoli2
Nimesoma yote nikiwa nimewasha moja, imeungua yenyewe mpaka kichungi. Kesho nitaenda. Sigara sijasema naacha, nimesema nitaenda. Dada wa vidonge nimemdai nusu yangu, kanijibu ameshaagiza mzigo.

Kipara Ngoto
Kila la heri dada. Ila kabla hujatoka, yale mafuta niliyomshauri kaka yako, nywele zilitoka?