Grafu ya seva inashuka watu wanapolalamikia mtandao mzito, nifanyeje?

Nyuki_Kazini: Wakuu habari zenu. Nina seva ya Linux, kadi ya mtandao ni ya gigabiti 1. Watu wakianza kulalamika, nikifungua grafu mzigo ni mdogo, saa nyingine ndiyo kwanza unashuka. Kengele nimeiweka kwenye megabiti 800, haijalia hata siku moja. Bosi anataka maelezo na usingizi sipati. Nibadilishe kadi?

Tai_Mkongwe: Anza na kebo. Niliwahi kuhangaika na seva inayokatikakatika, kumbe kebo imebanwa na mlango wa kabati. Piga `ethtool eth0` uone kama spidi imeshuka hadi 100. Na vijana mwache kukimbilia kununua vifaa kabla ya kusoma logi.

Nyuki_Kazini: Spidi 1000, kebo mpya. `ip -s link` inaonyesha makosa sifuri.

Mama_Logi: Grafu inasoma kwa njia gani, na kila baada ya muda gani?

Nyuki_Kazini: Hilo linahusianaje na kadi?

Mama_Logi: Linahusiana sana. Jibu kwanza.

Nyuki_Kazini: SNMP (itifaki ya kusoma hali ya vifaa vya mtandao) toleo la 1, kila dakika 5. Swichi zote tunazisoma hivyo na hazina shida, kwa hiyo tatizo haliwezi kuwa hapo. Kadi nimeshaiombea kibali.

Kipanga: Achana na SNMP, weka Prometheus, programu ya kufuatilia seva, na node_exporter inayoipatia takwimu za seva. Mimi nilihama, sitamani kurudi.

Shahidi: Hii chai. Grafu ishuke mzigo ukipanda? Taja kilele cha juu kabisa ulichowahi kuona.

Nyuki_Kazini: Situngi, mkuu. Haijawahi kuvuka megabiti 114.

Shahidi: Mmeona? Kadi gani hiyo inayogota 114?

Mama_Logi: Namba hiyo ndiyo inayoonyesha hatungi. ifInOctets, namba ya SNMP inayohesabu baiti zinazoingia kwenye kadi, ni kaunta ya biti 32: ikifika baiti 4,294,967,295 inaanza tena sifuri. Zidisha kwa 8 upate biti, gawanya kwa sekunde 300, unapata megabiti 114.5 kwa sekunde. Mzigo ukizidi hapo kaunta inakuwa imeshazunguka, na programu haijui mara ngapi. Kadi yako ikijaa inazunguka kila baada ya sekunde 34 hivi! Soma ifHCInOctets (zinazoingia) na ifHCOutOctets (zinazotoka), za biti 64. Toleo la 1 haliziwezi, hamia 2c au 3. Na kadi ifuatilie kwa jina, maana ifIndex, yaani namba ya kadi kwenye SNMP, inaweza kubadilika seva ikiwashwa upya.

Shahidi: Nimepiga hesabu, imekubali. Mtoa mada, samahani.

Nyuki_Kazini: Nimeisoma ifHCInOctets mara mbili, dakika moja katikati. Tofauti ni baiti 6,720,000,000, yaani megabiti 896 kwa sekunde. Kadi imejaa kweli! Ombi silifuti, nabadilisha tu liwe la gigabiti 10.

Tai_Mkongwe: Na swichi ina mlango wa gigabiti 10?