Naomba ushauri: kuandika kuhusu anoreksia bila kumdhuru msomaji

Ndugu wanachama, salaam. Naandaa makala ya afya kwa wasomaji wa kawaida kuhusu anoreksia (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu ajinyime chakula kwa kuogopa kunenepa), nikimtaja mwimbaji wa Marekani Karen Carpenter, aliyefariki tarehe 4 Februari 1983 akiwa na umri wa miaka 32, baada ya moyo wake kushindwa kutokana na ugonjwa huo. Nimeondoa takwimu za uzito wake, hesabu za kalori na picha za mwili uliokonda, kwa sababu msomaji aliye mgonjwa anaweza kuzifanya shabaha, jambo ninaloliogopa kwa dhati. Mhariri wangu, ambaye maoni yake nayaheshimu, anaona kwamba sasa hatari haionekani. Je, madhara ya moyo na mifupa niyaeleze kwa kina gani? Na niwaelezeje wazazi kwamba mtoto anaweza kuugua sana kabla hajaonekana amekonda?