Tupeane uzoefu: kijana wako alipokamatwa, saa za kwanza zilikwendaje?

BabaKijana
Wakuu, heshima zenu. Jambo hili nimekaa nalo mwaka wa pili sasa, nimeona nilitoe.

Mwanangu alikuwa na miaka 16. Jioni moja napigiwa simu: yuko kituoni, anatuhumiwa na wenzake wawili kuvunja nyumba na kuiba. Nilifika nikiwa nawaka. Sikumuuliza kama amekula wala kama ameumia. Nilimkaripia mbele ya askari: "Sema kila kitu, usinitie aibu!" Naye kwa kunitii akasema alikuwepo, alisimama nje. Yakaandikwa, akatia sahihi, nami nikatia yangu pembeni kama mzazi. Hakuna aliyetuambia kwamba anaweza kukaa kimya, na mimi sikuuliza.

Alikuwa nje kweli, akiwasubiri wenzake, hajui walichoingia kufanya. Lakini kwenye karatasi "alisimama nje" iligeuka kuwa alikuwa analinda. Miezi tisa wakili alihangaika na sentensi ambayo mimi ndiye niliyemlazimisha mtoto aitoe. Mwisho aliachiwa huru. Kidato kile alikirudia.

Nilimlea aseme kweli. Sikujua kwamba nusu ya ukweli, ikiandikwa na mtu mwingine kwa maneno yake, inaweza kuwa kitu kingine kabisa. Mliopitia, wazazi na vijana wenyewe, tuambieni mlifanya nini.

NiliyePitia
Pole sana mzee wangu. Mimi nilikuwa upande wa mwanao, miaka 15, bila mzazi kwa sababu hakuna aliyempigia simu mama. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi, kiu, usingizi, mkojo umenibana. Jioni nikaambiwa: "Weka sahihi hapa uende nyumbani." Niliweka. Nyumbani sikwenda. Nililala mahabusu na watu wazima usiku ule na mingine minne, na ya mle ndani sitayaandika.

Watu huuliza mtu asiye na kosa anakirije. Nilipokuwa mkubwa nilisoma habari za wale vijana watano wa New York mwaka 1989, wa miaka 14 hadi 16, waliohojiwa saa nyingi wakakiri shambulio la kubaka ambalo hawakulifanya. Hukumu zao zilifutwa mwaka 2002, baada ya mtu mwingine kukiri na vinasaba kuonyesha ni yeye. Nilisoma nikalia, maana nilikijua kile chumba. Ukiwa na umri ule, "kesho" haipo kichwani. Kuna kutoka sasa hivi tu.

Vijana mnaosoma hapa: taja jina lako, umri wako na namba ya mzazi. Baada ya hapo sema kwa adabu, "Naomba mzazi wangu na wakili wawepo ndipo nizungumze." Usikimbie, usitukane, usisukumane na mtu.

MsaidiziWaSheria
Nimefanya kazi hii miaka mingi, nikiwasindikiza vijana mahakamani. Taratibu hutofautiana nchi na nchi, lakini kuna msingi ambao karibu nchi zote duniani zimeuridhia: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989. Kifungu cha 40 kinasema mtoto achukuliwe kuwa hana hatia hadi ithibitishwe, aelezwe tuhuma mapema, apate msaada wa kisheria, asilazimishwe kutoa ushahidi wala kukiri, apewe mkalimani bure kama haelewi lugha, na faragha yake ilindwe. Kifungu cha 37 kinataka kumfungia mtoto kuwe hatua ya mwisho kabisa na kwa muda mfupi iwezekanavyo, atengwe na watu wazima isipokuwa pale ambapo kutomtenga ndiko kunakomfaa, na aruhusiwe kuonana na familia yake. NiliyePitia, kulala kwako na watu wazima kulikuwa kosa, na kosa halikuwa lako.

Haki hizi zilipiganiwa. Marekani mwaka 1964, Gerald Gault wa miaka 15 alikamatwa Arizona kwa kudaiwa kumpigia jirani simu ya matusi. Wazazi hawakuarifiwa, wakili hakuwepo, na mlalamikaji hakufika hata siku moja. Jaji akaamuru awekwe shule ya marekebisho, ambako angeweza kukaa hadi atimize miaka 21. Mtu mzima kwa kosa hilohilo angepewa faini ya dola 5 hadi 50, au kifungo kisichozidi miezi miwili. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ikasema mtoto naye ana haki ya wakili, ya kujua mashtaka, ya kumhoji shahidi, na ya kukaa kimya. Mwaka 2008 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kesi ya Salduz wa Uturuki, aliyehojiwa polisi akiwa na miaka 17 bila wakili. Ilisema kutumia maelezo yale kumtia hatiani kuliharibu haki yake, hata kama baadaye wakili alikuwepo.

BabaKijana, ile hasira yako naiona kila wiki. Mzazi akifika, aombe kwanza kukaa na mtoto faragha. Asome maelezo yote kabla ya sahihi, neno kwa neno, na palipokosewa parekebishwe. Wakikataa kurekebisha, msitie sahihi.

DadaMkubwa
Umri jamani! Mdogo wangu ni mrefu, ana sauti nzito. Walimwandika miaka 19, akapelekwa moja kwa moja kwa watu wazima. Alikuwa na miaka 16 na nusu. Nilikimbia na cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na barua ya shule, nikaenda na nakala, halisi nikabaki nazo. Hakimu alipoviona kila kitu kilibadilika, hadi mahakama ya kumsikiliza. Wekeni cheti mahali ambapo hata jirani anaweza kuelekezwa akichukue.

MsaidiziWaSheria
Umesema la maana, dada. Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa, katika mwongozo wake wa 2019, inasema umri usipothibitika, shaka imnufaishe kijana.

MamaWawili
Na aliyefanya kweli je? Wangu alifanya. Alimpiga mwenzake na chupa, akashonwa. Sikutaka kumficha, wala sikutaka afie jela. Wakili alitushauri asikiri chochote kituoni, kisha kupitia afisa ustawi wa jamii tukaomba shauri lishughulikiwe nje ya mahakama. Tulikaa pamoja na familia ya yule kijana. Mwanangu aliomba radhi mwenyewe kwa mdomo wake, tukalipa matibabu, akahudhuria ushauri nasaha miezi sita. Kukaa kimya polisi hakukumzuia kukubali kosa lake. Alilikubali mbele ya aliyemuumiza, akijua anachokisema. Hadi leo wale wawili wanasalimiana.

Mgeni_Usiku
Samahani kuingilia. Mdogo wangu wa miaka 17 amechukuliwa saa mbili zilizopita, sijui niseme nini nikifika. Wanataka na neno la siri la simu yake.

MsaidiziWaSheria
Pole ndugu yangu. Nenda sasa, usiende peke yako. Uliza kosa analotuhumiwa na nani anashughulikia shauri lake, andika majina na saa. Omba kumwona na mtazame kama ana jeraha. Mwambie asitoe maelezo wala neno la siri hadi wakili amshauri. Usifute chochote kwenye simu, na usiandike habari zake mtandaoni. Kama hamna fedha, uliza msaada wa kisheria wa bure. Omba dhamana. Ule mwongozo wa 2019 unataka mtoto afikishwe mbele ya mamlaka ndani ya saa 24, basi kesho asubuhi uwe pale mapema.

NiliyePitia
Mpelekee maji na sweta. Na mwambie utarudi saa ngapi. Mimi nilichokosa kuliko vyote ni kujua kama kuna mtu anajua niliko.

Mgeni_Usiku
Nimemwona. Hana jeraha. Hajatia sahihi, alisema ananisubiri mimi. Wakili anakuja saa moja asubuhi. Nimekaa nje ya geti hapa.

BabaKijana
Tuko nawe. Andika chochote, silali.