TanzLII, Kenya Law au ripoti za kesi zilizochapishwa: mwanafunzi wa sheria ashike kipi?

Kifungu_Mwaka2
Salaam wakuu. Nipo mwaka wa pili wa shahada ya sheria hapa Tanzania na nimechoka kutafuta kesi Google kwa kubahatisha. Kila mhadhiri ana lake: mmoja anataka ripoti za kwenye rafu, mwingine anasema tovuti ya TanzLII inatosha, wa tatu anatupa kesi za Kenya utadhani tutafanyia mtihani Nairobi. Habari za mahakamani nazo nazipata magazetini na kwenye magrupu ya WhatsApp. Mliotangulia, kipi kinafaa kwa kazi gani? Hela ya kulipia kanzidata sina, kwa hiyo tuanze na vya bure.

Mzee wa Masjala
Mdogo wangu, anzia TanzLII, ukikwama ndipo uhangaike kwingine. Ni ya Mahakama ya Tanzania, haina malipo, na utapata hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu. Jifunze kwanza kusoma rejea zake: ukiona TZCA baada ya mwaka, hiyo ni Rufani, TZHC ni Mahakama Kuu. Rejea ya namna hiyo haimlazimishi msomaji kuwa na kitabu fulani mkononi.

Udhaifu wake ni kwamba hakuna wa kukutafunia. Unapewa hukumu nzima, kutenganisha kiini cha uamuzi na yale jaji aliyoyasema kwa kupita ni kazi yako. Tena baadhi ya hukumu za zamani ni picha za karatasi tu, ukitafuta neno ndani yake hupati kitu.

BintiWakili
Hapo kwenye kutafuniwa ndipo ripoti zilizochapishwa zinapoizidi, na nyie watu wa simu mnazidharau bure. Chukua Tanzania Law Reports au zile za East Africa. Juu ya kila kesi kuna muhtasari wa mhariri: hoja ilikuwa nini, mahakama iliamua nini, kesi zipi zilifuatwa.

Mfano ni Mukisa Biscuit, [1969] EA 696, yaani ripoti za East Africa za 1969, ukurasa wa 696. Hakuna pingamizi la awali (hoja ya kisheria inayotaka kesi ikomeshwe kabla ya kusikilizwa) Tanzania linalopita bila kesi hiyo kutajwa, lakini wengi wanaijua kwa kipande cha Jaji Law kilichonakiliwa kutoka hukumu nyingine. Ukiifungua yenyewe unamkuta Newbold, Rais wa mahakama, akilalamika kwamba mapingamizi yasiyostahili yanaongeza gharama na kuvuruga hoja. Hicho ndicho kipande cha kumpiga nacho mpinzani wako kwenye mahakama igizi, yaani kesi za mazoezi chuoni! Kumbuka pia kwamba mahakama iliyoamua kesi hiyo ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima. Iliondoka na Jumuiya mwaka 1977, na Mahakama yetu ya Rufani ikaanza 1979. Ndiyo maana kesi za miaka ile huwezi kuzitafuta kama za nchi moja.

Za leo na jana usizitafute rafuni, hazipo.

Karani254
Naongea kutoka upande wa Kenya. Kenya Law ni tovuti ya baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na kwangu mimi ndiyo inaongoza ukanda huu: hukumu, sheria, Gazeti Rasmi, na jarida la kila wiki lenye muhtasari wa hukumu mpya. Hilo jarida pekee linashinda kurasa za mahakama za magazeti mengi.

Ila wacha niwape tahadhari. Chukueni kesi ya Muruatetu. Disemba 2017 Mahakama ya Juu ilisema adhabu ya lazima ya kifo inakiuka Katiba. Mahakama za chini zikaanza kuitumia hata kwa wizi wa mabavu. Julai 2021 mahakama ileile ikatoa maelekezo: uamuzi ule ulihusu mauaji peke yake. Mwanafunzi aliyepakua hukumu ya 2017 akaishia hapo anaandika sheria isiyokuwepo. Kwa hivyo swali si hukumu iko wapi tu, ni nini kiliipata baadaye.

Kifungu_Mwaka2
@Karani254 sasa hilo la baadaye naliona wapi bila kulipia?

Mzee wa Masjala
Ukifungua hukumu TanzLII, angalia orodha ya nyaraka zilizoirejea. Haikamati zote, kwa hiyo chukua jina la kesi uliweke kwenye kisanduku cha kutafutia, upange majibu kwa tarehe, uanze na mpya kabisa. Kama Rufani imeigusa miaka miwili iliyopita, soma hiyo kabla ya ile ya kwanza.

Na kuhusu kesi za Kenya: kwetu zinashawishi, hazifungi mahakama zetu kuzifuata. Hata za Uingereza angalia tarehe. Sheria yetu ilipokea sheria za Uingereza za kabla ya Julai 22, 1920. Kenya wao ni Agosti 12, 1897. Watu wanabeba kesi ya London ya juzi wanaiweka kama amri.

BintiWakili
Kwenye habari mimi ni mkali. Gazeti likwambie kuna jambo limetokea, basi, ukitoka hapo nenda kwenye hukumu. Kesi ya Rebeca Gyumi ilitangazwa kana kwamba ndoa ya chini ya miaka 18 imefutwa siku hiyohiyo. Mahakama Kuu mwaka 2016 ilisema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinakiuka Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, Rufani ikaitupa 2019. Kati ya "mahakama imesema" na "sheria imebadilishwa" kuna Bunge, na maswali ya mtihani yanapenda kukaa palepale. WhatsApp sitaijadili.

Jalada_Jeupe
Mnazungumzia kesi tu, sheria zenyewe je? Toleo la Urekebu la 2023, yaani sheria zilizochapwa upya pamoja na marekebisho yake, lilianza kutumika Julai 1, 2025. Nakala nyingi zinazozunguka vyuoni ni za 2002 na 2019. Urekebu unaweza kusogeza namba za vifungu, kwa hiyo ukisoma hukumu ya zamani inayotaja kifungu fulani, linganisha maneno, usilinganishe namba.

Kuhusu kulipia: kabla hujasema huna hela, kamuulize mkutubi kama chuo kina HeinOnline au LexisNexis. Baadhi ya vyuo vinalipia na wanafunzi hawajui. HeinOnline ni kwa makala za majarida, usiende kutafuta hukumu za Tabora humo.

Kifungu_Mwaka2
Shukrani wakuu. La mwisho: kanuni ndogondogo za mawaziri?

Jalada_Jeupe
Hizo hutoka kama Matangazo ya Serikali kwenye Gazeti la Serikali. Shika namba ya tangazo na mwaka. Bila hivyo viwili hata mkutubi mzuri atakurudisha mlangoni.